Acheni Kumtenganisha Mwimbaji na Gita Lake

Prodyuza akikuambia, "Tuanze na gita, sauti utaweka baadaye," beba gita lako urudi nyumbani. Nasema hivi nikijua wasee kadhaa wa studio za mtaa watanikasirikia, na baadhi yao ni watu ninaokunywa nao chai. Wakasirike. Kuna aina nzima ya muziki inayofia mikononi mwao, na si ati watu wameacha kuipenda. Inakufa kwa sababu maiki imewekwa mahali pabaya, na kabla ya hapo, kwa sababu mwimbaji mwenyewe amekatwa vipande viwili.

Nazungumzia mtu mmoja, gita moja la mbao lisilo na umeme, na nyimbo alizotunga mwenyewe. Pita Kawangware Jumapili mchana, uanzie Stage 2 ukielekea Gatina, utawasikia kabla hujawaona. Wengi ni wazee waliokuja mjini kutoka Vihiga na Kakamega, wengine ni vijana waliojifunza miguuni pao. Kibera wako pia, Makina, Lindi, Gatwekera, ingawa huko waliojifunzia gita kanisani ni wengi kushinda waliojifunza kwa wazee. Wote wana wimbo wanaotaka urekodiwe, na wote wakienda studio wanakutana na mashine moja.

Mashine hiyo unaijua. Chumba kimoja, kibanda kwenye kona kilichopigwa mbao na kubandikwa trei za mayai, kompyuta, maiki ya BM-800 ya bei ya chini, soksi iliyovishwa waya kuzuia pumzi. Imejengwa kwa ajili ya rapa. Biti imeshapikwa kwenye kompyuta, msee anaingia, anasimama sentimita kumi kutoka kwa maiki, anamwaga mistari, anatoka. Gengetone ilipikwa hivyo, arbantone inapikwa hivyo, na sina neno nayo, inafanya kazi. Neno langu linaanza pale mtu wa gita anapoingia mlangoni na kusukumwa kwenye kibanda kilekile kana kwamba yeye ni rapa aliyejibebea biti yake kwenye mfuko wa turubai.

Kwanza anavishwa hedifoni zenye kliki. Tik, tik, tik, tik. Anaambiwa apige gita tu, asiimbe, afuate kliki. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kupiga wimbo huo bila kuuimba. Anapotea kwenye ubeti wa pili, maana yeye huhesabu kwa maneno. Anarudia. Saa inakwenda, na saa ni doo. Akimaliza, gita linawekwa pembeni, anarudi kuimba akisikiliza gita ambalo halimsikilizi. Kwenye uimbaji wake wa kawaida, akivuta neno, kidole gumba humngoja. Akilimeza neno, kidole hukimbia. Hapa gita limeshapita, halingoji mtu, na yeye anabaki kulifukuza kama abiria anayekimbiza matatu ya 46 iliyoshika kasi. Halafu analipishwa saa mbili kwa wimbo wa dakika tatu.

Mtindo wa omutibo umejengwa juu ya huko kungojana. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinajibu kwenye nyuzi nyembamba, mdomo unapita katikati. Huwezi kuutaja bila kumtaja George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963 akiwa bado kijana, na ambaye nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya 2017 kwa jina Furaha Wenye Gita. Zitafute. Au wasikilize Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube na Justo Osala kwenye magita, Enos Okola kwenye chupa ya Fanta. Ndiyo, chupa, inakwaruzwa na kugongwa. Sasa wewe prodyuza nieleze, utarekodi chupa Jumatatu, gita Jumanne, na sauti mzee akipata nauli?

Watu hawa waliporekodi, walirekodi pamoja, na teknolojia ya siku zile haikuwapa njia nyingine. Mwaka 1952, Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi leo, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akiimba Masanga. Mtu mmoja, gita moja, maiki moja. Tracey alikuwa na mazoea ya kuishika maiki mkononi na kuisogeza kufuata muziki ulikokwenda. Simfanyi mzungu huyo mtakatifu. Kanda zake ziko Afrika Kusini, kwenye International Library of African Music ya Chuo Kikuu cha Rhodes, haziko Likasi, na nani alipata nini kutokana nazo ni makala nyingine, tena ndefu kushinda hii. Lakini mkono ule ulikuwa unasikiliza. Rekodi za Bosco zilifika hadi magharibi mwa Kenya na wapigaji wetu wakajifunza kwazo kidole kwa kidole, jambo ambalo haliwezekani kama vidole havisikiki.

(Kiswahili kimechangia tatizo pia, niseme tu. Tunaita kipaza sauti kile kinachosikiliza na kile kinachopiga kelele juu ya paa la kanisa, jina moja kwa vitu viwili vinavyofanya kazi kinyume. Ndiyo maana kwenye makala hii nasema maiki.)

Kuna mzee mmoja wa Kawangware ambaye sitamtaja jina, kwa sababu familia yake ni majirani zangu na hawajaomba kuandikwa. Alikuwa mlinzi wa usiku. Aliweka akiba akaenda kurekodi nyimbo mbili kwenye studio fulani kule kwetu, elfu tatu kila wimbo, nami nikaenda naye kumbebea gita. Nikaambiwa ningoje nje. Kupitia mlango nilisikia kliki ikivuja kwenye hedifoni kwa karibu saa tatu. Kilichotoka kilikuwa safi, sikatai. Sauti ilikuwa imenyooshwa kwa otatyuni, gita liko mbali na limekauka kama lilipigwa na mtu mwingine nchi nyingine, na kukaongezwa ngoma ya kompyuta ambayo hakuiomba.

Mwaka jana alifariki. Kwenye matanga, kabla ya mwili kusafirishwa, mtu alichomeka simu kwenye spika na kuweka ule wimbo wa studio. Haukufika dakika moja. Binti yake alisimama akasema, "Zima hiyo, huyo si baba." Akatoa simu yake, akaweka rekodi aliyomchukua mwenyewe jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mkebe wa Kimbo juu ya stuli, umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, katikati ya mdomo na gita. Unasikia sufuria. Unasikia kiti kikilia. Unamsikia akivuta pumzi na gumba likimngoja. Watu walianza kuimba naye.

Yule binti hajasomea sauti. Aliweka simu pale kwa sababu pale ndipo angeketi yeye akitaka kumsikiliza.

Hiyo simu si miujiza. Rekodi za simu zina dhambi zake, nazijua kwa sababu ninakula kwazo: kazi yangu ni kunukuu mahojiano ya watu na kulipwa kwa dakika, kwa hivyo saa nane kwa siku huwa naskia maiki zilizowekwa vibaya na watu wenye digrii. Ukitumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wimbo unabanwa mpaka nyuzi zinageuka mchanga. Simu nyingi zina kichujio kinachodhani chochote kisichokuwa maneno ni kelele, basi kinalifuta gita kila mzee anapoanza kuimba. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima hayo. Na usiizibe ile tundu ndogo chini ya simu kwa kuisimamisha kwenye blanketi, hilo ndilo sikio lake.

Sasa, mambo ya kupima. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea uhandisi wa umeme, karo ilikwisha kabla ya hamu, na hesabu hizi ni kati ya vitu vichache nilivyotoka navyo.

Maiki ikiwa sentimita 10 kutoka mdomoni, mwimbaji akirudisha kichwa sentimita 5 tu, sauti inashuka kama desibeli 3.5. Hiyo ni nyingi, sikio lolote linaisikia. Ndiyo maana prodyuza anamfokea mzee, "Usisonge!" Mtu anayepiga gita lazima asonge, anaangalia vidole, anatikisa kichwa, anapiga mguu chini. Isogeze maiki hadi sentimita 60, na zile sentimita 5 zinabaki kuwa desibeli 0.7 hivi. Hakuna atakayejua kwamba amesonga. Vilevile, maiki nyingi za mtaa huzidisha besi ukizikaribia sana, ule mvumo wa mtangazaji wa redio ya usiku. Kwa mtangazaji ni sawa. Kwa mtu mwenye gita ule mvumo unafunika nyuzi nene ambazo gumba linahangaika nazo.

Kwa hivyo anza hapo: maiki moja, umbali wa mkono, urefu wa kifua, kati ya mdomo na gita. Usiielekeze kwenye tundu la gita. Tundu linapumua hewa, kwa magita mengi karibu na Hz 100, na maiki ikilitazama uso kwa uso utapata buu, buu, buu na nyuzi zikiwa nyuma ya pazia. Itazame pale shingo inapoungana na sanduku. Ukitaka sauti zaidi, pandisha maiki kidogo. Ukitaka gita zaidi, ishushe. Usiguse kompyuta kwanza, guza stendi. Vaa hedifoni wewe, si yeye, mwambie aimbe wimbo wote, na usogeze maiki mpaka mtu na gita lake viwe kitu kimoja. Robo saa inatosha. Nimeona watu wakitumia robo saa kuchagua rangi ya jina la wimbo kwenye YouTube.

Utaniambia umbali huo unaleta chumba ndani ya rekodi. Kweli. Na vyumba vyetu ni futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati, jirani anakaanga vitunguu. Lakini mmekuwa mkitibu ugonjwa huu upande usiofaa. Maiki ya kawaida ya mtaa husikia mbele yake na kuwa kiziwi nyuma yake. Mbele yake yuko mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji uko ukuta. Huo ndio ukuta maiki inaoutazama, kwa hivyo huo ndio wa kufunika: simamisha godoro nyuma ya mgongo wake, tundika mablanketi mawili pembeni. Watu wanafunika ukuta ulio nyuma ya maiki kisha wanashangaa. Godoro kila keja iko nalo. Trei za mayai zing'oeni. Hazimzuii jirani, hazimezi besi, zinapunguza makali ya juu tu, na siku waya ikicheza zitawaka kama karatasi, kwa sababu ni karatasi.

Kelele ya nje nayo ina ratiba, jifunze ratiba. Kibera reli ya zamani ya kwenda Kisumu inapita katikati ya mtaa, na hakuna blanketi linaloizuia treni. Unangoja ipite. Adhuhuri jua likishika, mabati yanatanuka na kulia tik tik juu ya kichwa chako, kliki nyingine ambayo hukuiomba. Mvua ikinyesha funga kazi kabisa, mnywe chai. Saa bora niliyoijua ni saa kumi alfajiri, baa zimechoka, adhana ya Makina bado, matatu bado. Koo la mzee litakuwa zito saa hiyo, mpe maji ya moto, na hata huo uzito una uzuri wake.

Kama una maiki mbili na lazima uzitumie zote, zitumie akiwa anapiga na kuimba kwa pamoja, na uzifanye zigeuziane mgongo. Ya sauti iwe chini kidogo ya kidevu ikitazama juu, ili mgongo wake, yaani upande wa ukiziwi, uelekee gita. Ya gita itazame chini, ili mgongo wake uelekee mdomo. Ukiziweka ovyo utaadhibiwa na hesabu. Tuseme mdomo uko sentimita 15 kutoka kwa maiki ya kwanza na sentimita 60 kutoka kwa ya pili. Tofauti ni sentimita 45. Sauti hukimbia takriban mita 343 kwa sekunde, basi inafika kwenye maiki ya pili ikiwa imechelewa milisekunde 1.3. Ukizichanganya, kuna mahali mawimbi yanakutana moja likipanda na lingine likishuka, yanakulana, na mahali pa kwanza ni karibu na Hz 380, kisha mara tatu yake, mara tano yake, kuendelea juu. Hz 380 ni nyama ya sauti ya mtu. Ndiyo ile sauti ya ndani ya mtungi tunayoisikia kila wiki kwenye rekodi za mtaani, halafu prodyuza anasema maiki ni mbovu, anaenda kukopa anunue nyingine. Maiki haikuwa mbovu. Zilikuwa mbili, na hazikusalimiana.

Mpaka hapa nimewachapa watu wa nyumbani. Kuna kundi lingine linalostahili fimbo, na hilo huja na gari.

Hawa ni wale wanaokuja Kibera na kamera kubwa kurekodi "vipaji vya mtaa". Hawamtenganishi mtu na gita lake, hilo nawapa. Lakini wanamweka juu ya reli au kando ya mtaro, saa nane mchana, maiki iko juu ya kamera mita tatu kutoka kwake, na ukiwauliza kwa nini hawasogei wanasema wanataka ladha ya mtaa. Ladha ya mtaa maana yake kuku, watoto wakisema how are you, boda boda, na kwa mbali, kama redio ya jirani, mtu anayeimba. Niliwahi kulipwa na kundi moja kunukuu maneno ya nyimbo walizorekodi. Ubeti mzima ulikuwa haushikiki. Niliwaandikia hivyo, wakanijibu niandike "anaimba kwa lugha ya kwao". Mzee alikuwa anaimba Kiswahili.

Yule mtu alikuwa na jambo la kusema. Alitunga, alipanga vina, na wao walihitaji tu sauti ya umaskini ikivuma nyuma ya picha. Mimi naona hilo ni baya kushinda otatyuni, kwa sababu prodyuza wetu angalau alitaka maneno yasikike. Na linganisheni: filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kibera na kutoka 2005, ilitumia Kothbiro ya Ayub Ogada, wimbo uliokuwa kwenye albamu yake ya 1993 ya lebo ya Real World ya Uingereza. Ni nyatiti na sauti yake. Watu duniani wakaenda kuutafuta ule wimbo kwa sababu unasikia uzi na unasikia pumzi. Hakuna aliyeutafuta kwa ajili ya kuku. Mwimbaji wa Gatwekera hastahili ukimya kidogo kushinda huo, na ukimya wa kutosha unapatikana ndani ya chumba chake, kwa godoro lake, alfajiri.

Nimeshajibiwa na marafiki wa studio, kwa hivyo najua hoja zao. Ya kwanza ni kwamba wateja wenyewe wanataka sauti ya redio, otatyuni na ngoma juu. Wengine wanataka, sawa, ni wimbo wao na pesa zao. Lakini mteja hawezi kuchagua kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Mrekodi mara moja kwa maiki moja, mwekee asikie, kisha umuulize. Mmewahi kuuliza?

Ya pili ina uzito zaidi: ukirekodi pamoja huwezi kurekebisha baadaye. Sauti imeingia kwenye maiki ya gita, gita limeingia kwenye maiki ya sauti, otatyuni ikigusa moja inaharibu nyingine. Ni kweli kabisa. Kazi yote inahamia kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, kwenye masikio, stendi na godoro, mahali ambapo kompyuta haiwezi kukusaidia na mahali ambapo, kusema ukweli, ndipo prodyuza anatofautiana na mtu mwenye kompyuta. Mzee wa gita amefanya kazi yake miaka thelathini nyumbani. Anakuja akiwa tayari. Mlipishe saa moja.

Na akikosea mstari kwenye ubeti wa tatu, usimkatize, usimwambie mtauunga. Mwache afike mwisho, mpe maji, mwambie aanze tena kutoka juu. Ni dakika tatu tu.